Sprei ya pilipili aiache Dar

Dada, umeuliza kama mdogo wako anayekuja Leicester akuletee sprei ya pilipili kutoka Dar. Mwambie aiache huko huko. Uingereza, sheria ya silaha ya mwaka 1968 inaiweka kapu moja na bunduki. Kukutwa nayo tu kwenye mkoba ni kosa, hata kama hujampulizia mtu. Kisu nacho usibebe. Ukimwambia polisi "ni cha kujilinda" umeshajifunga mwenyewe.

Nunua king'ora kidogo cha mkononi, kile cha kuvuta pini kikapiga kelele mtaa mzima. Hicho halali. Na huo mlango wa plastiki wa nyumba unayoishi: kuinua mkono wa kitasa hakutoshi, zungusha na ufunguo. Mimi miezi mitatu nililala nikidhani nimefunga, kumbe!

Mtu akikuvamia ndani, sheria inakuruhusu kutumia nguvu ya kiasi kujiokoa, hata kwa sufuria iliyokuwa karibu. Akishakimbia usimfukuze, piga 999, namba ya dharura ya huku. Kama huwezi kuongea na umepiga kwa simu ya mkononi, ukisikia maelekezo bonyeza 55, utaunganishwa na polisi.