Maswali ya Wasomaji: Barabara zinaongezeka, mbona safari hazifupiki?

SWALI: Mji wetu unatanuka na kilomita za barabara zinaongezeka kila mwaka, lakini wakazi wa mitaa mipya huzunguka mno hata kumfikia jirani wa nyuma yao. Nitapimaje kama mitaa hiyo imeunganishwa vizuri? – Mwanafunzi wa mipango miji

JIBU: Achana na kilomita, hesabu makutano. Kila nukta, yaani mahali barabara zinapokutana au kuishia, ipe alama kulingana na idadi ya barabara zinazofika hapo: mwisho wa barabara isiyotokea 1, njia tatu 3, njia nne 4. Tuseme eneo lina nukta 100, yaani miisho 20, njia tatu 60 na njia nne 20. Jumla ni 280, wastani 2.8; wastani ukiwa mkubwa, mtaa umeunganishwa vizuri zaidi. Mtaa wenye miisho 40, njia tatu 50 na njia nne 10 unapata 2.3. Gridi kubwa, yaani barabara zinazokatana kama miraba, hukaribia 4; mtandao wenye umbo la mti haufiki hata 2.

Hesabu huharibikia kwenye data. Ukitumia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ondoa kwanza nukta za kona, kwani hizo zina vipande viwili tu na huvuta wastani kuelekea 2. Barabara mbili zenye tuta la katikati zikipishana, ramani huonyesha nukta nne mahali pa moja, ziunganishe. Usikate ramani mpakani kabla ya kuhesabu, utazalisha miisho bandia. Chukua eneo pana zaidi, hesabu, ndipo ukate. Na geti lililofungwa ni mwisho wa barabara, ramani iseme itakavyo.

Kinachopotosha zaidi ya hayo yote ni wastani wa mji mzima, maana kitovu cha zamani huficha udhaifu wa pembezoni. Gawa barabara kwa kipindi cha ujenzi. Marekani, mitaa mipya ilizidi kupoteza miunganiko hadi katikati ya miaka ya 1990, ndipo mwelekeo ukageuka. Geuko kama hilo huonekana mapema kwenye mitaa mipya tu, kwa sababu ile ya zamani haibadiliki.

Chanzo cha mitaa kutounganishwa kwa kawaida ni ukataji wa viwanja. Kila mwenye shamba hupima lake peke yake na kutoa mlango mmoja kwenye barabara kuu. Kuungana na shamba la pili kunamgharimu kiwanja kizima, na faida wanapata wapita njia.

SWALI: Mtaa ukishajengwa hivyo, unarekebishika?

JIBU: Kwa magari, mara chache, penye nyumba na hati, kila mita ni fidia. Kwa waenda kwa miguu, ndiyo: kichochoro kati ya viwanja viwili, kwenye ncha ya barabara isiyotokea, hufupisha safari sana. Kwa michoro mipya, dai barabara zifike hadi mpaka wa shamba jirani na zisajiliwe kama barabara. Zikiandikwa “eneo la wazi”, zitajengewa nyumba juu yake.