Kesi ya kompyuta ya kuchapa: chapa pembe, kuta tafuta kwingine

Mkuu, umeuliza kama kesi nzima (boksi la nje) ya desktopu inaweza kutoka kwenye printa ya 3D yenye meza ya sentimita 22, kwa plastiki ya PLA. Kutoka itatoka, ila sikushauri. Ukuta mpana hujikunja kwenye kona, na umeme ukikatika saa nane usiku, alama ya pale ulipokatikia haifutiki hata kwa msasa.

Yangu hapa Dar ni hivi: pembe, trei ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na vishikio vya feni nimechapa. Nguzo ni mabomba ya mraba ya aluminiamu, vipande vinavyobaki kwa mafundi madirisha. Kuta ni plaiwudi nyembamba.

PLA iache. Inalainika kwenye nyuzi 60 hivi, na hata kabla ya hapo plastiki iliyobanwa na skrubu kwenye joto hulegea taratibu, feni zikaanza kutetema. PETG, plastiki nyingine ya kuchapia, huvumilia hadi karibu 80.

Mazabodi ya saizi ndogo ya Mini-ITX ni mm 170 kwa 170, trei yake inaenea mezani bila kukatwa. Feni ya mm 120, matundu yake yanaachana mm 105.

Skrubu usizifunge moja kwa moja kwenye plastiki, ukifungua mara mbili tatu uzi umekwisha. Tafuta nati ndogo za shaba za M3, yaani za skrubu ya mm 3. Iweke juu ya tundu, igusishe ncha ya chuma cha kuchomea risasi, wala usisukume: uzito wa chuma unatosha kuizamisha. Ikibaki milimita moja hivi, ondoa chuma, ikandamize kwa kipande bapa cha bati mpaka ipoe. Hapo inakaa wima.

Kuhusu ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja), mazabodi inaipata kupitia pawa saplai, kwa hiyo trei ya plastiki si tatizo. Fremu ya aluminiamu ndiyo uifunge kwa skrubu kwenye boksi la chuma la pawa saplai. Na soketi ya ukutani ipimwe. Nyumba za kupanga nyingine zina matundu matatu, waya wa ethi hakuna.

Swichi ya kuwashia isikuumize kichwa. Kitufe cha kengele ya mlangoni kinatosha, waya mbili kwenye pini za mazabodi zilizoandikwa PWR SW, upande wowote.

Kadi yako ya picha ina urefu gani? Pima kabla hujakata bomba.