Usiiweke hiyo mandatori kwenye transfoma

Mkuu acha kwanza. Hapo uliposema unataka kuiwekea transfoma konstreinti ya mandatori (tarehe ya kulazimisha, haisogei) kwenye Primavera, ile programu ya kupanga ratiba za miradi, ili tarehe ya kufika saiti "isichezecheze" mbele ya mteja, usithubutu!

Mimi niliiweka kwenye kituo cha kupozea umeme tena nikajiona mjanja. Alinifundisha konsaltanti mmoja, bingwa wa suti na slaidi, eti ratiba nzuri haimpi mteja presha. Kumbe presha yote kanitunzia mimi. Michoro ikachelewa kuidhinishwa, uundaji ukasogea, majaribio ya kiwandani yakasogea, na kila nikiapdeti na kubonyeza F9 ratiba ipige hesabu upya, transfoma imetulia palepale, maana mandatori inapindua lojiki yote, kazi za nyuma zichelewe zisichelewe yenyewe haina habari, na kazi za mbele zinajihesabu kutoka kwenye hiyo tarehe ya uongo. Floti hasi (siku ambazo umeshachelewa kulinganisha na tarehe inayotakiwa) ilikuwepo, ila imejificha kule kwenye manunuzi ambako hakuna aliyeangalia. Huku mbele kufunga, kujaza mafuta, kutesti, kuwasha, kijani tupu kama hakuna shida. Basi kreni ikaja, mafundi wakaja, fondesheni imekauka safi na juu yake hakuna kitu. Kreni inalipwa kwa siku, sisi tunapiga selfi. Yule konsaltanti? Simu haipokelewi, na hela yake alishakula.

Msinicheke sana, kinu cha nyuklia cha Olkiluoto 3 kule Ufini ilianza kujengwa 2005 ikitegemewa 2009, ikaanza kuzalisha kibiashara 2023, na pale walijaa wasomi kuliko mimi.

Unganisha mnyororo mzima: michoro, kuunda, majaribio ya kiwandani, meli, bandari, kuivuta hadi saiti. Tarehe ya mkataba wewe iwekee ile konstreinti ya kumaliza siku hiyo au kabla, hiyo inagusa "late dates" tu (tarehe ambazo kazi haitakiwi kuzipita), kazi inaachwa isogee na ukichelewa floti hasi unaiona peupe. Mteja akinuna anune sasa hivi, kreni hujaikodi bado. Na transfoma kubwa siku hizi kusubiri zaidi ya miaka 2 tangu uweke oda ni kawaida, kwa hiyo huo mnyororo sio wa kuchezea.

Wewe bonyeza F9, fungua ile logi (ripoti ya hesabu ya ratiba), inaorodhesha kila aktiviti yenye konstreinti. Ukikuta mandatori zimejaa rusha skrinishoti hapa tuzifute moja moja.