Maswali ya Wasomaji: Mabango ya Filamu

SWALI: Mhariri, karibu mabango yote ya filamu za zamani ninayoyaona yamechorwa kwa mkono, ilhali kamera zilikuwepo. Kwa nini watengenezaji walihangaika na wachoraji? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, sinema iliukuta ufundi wa bango umekwisha kukomaa mitaani. Huko Paris, Jules Chéret alikuwa ameuendeleza uchapaji wa rangi kwa mawe, na kuta za jiji zilikuwa zimejaa matangazo ya kumbi za dansi na vinywaji wakati ndugu wawili wa Lumière walipoonyesha filamu zao kwa watazamaji waliolipa, tarehe 28 Desemba 1895. Bango walilochorewa na Marcellin Auzolle mwaka 1896 linaonyesha watazamaji wakicheka mbele ya pazia ambalo mtunza bustani anarushiwa maji usoni na mpira wake mwenyewe wa kumwagilia. Angalia alichokiuza mchoraji huyo: zaidi ya kisa chenyewe, aliuza kicheko cha walioketi pale, kwa kuwa mpita njia hakuwa ameizoea sinema na alihitaji kwanza kuhakikishiwa kwamba waliolipa walifurahi.

Halafu kuna suala la rangi. Kwa miongo mingi filamu nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe, na picha za waigizaji vivyo hivyo, kwa hiyo nyekundu na manjano za kumsimamisha mtu barabarani zilitoka kwa mchoraji. Isitoshe, mchoraji hafungwi na kilichopigwa na kamera. Bango la Jaws la mwaka 1975, lililotokana na mchoro ambao Roger Kastel aliufanya kwanza kwa ajili ya jalada la kitabu, linaonyesha papa mkubwa akipanda wima kumwelekea mwanamke anayeogelea bila habari. Ndani ya filamu papa huyo huchelewa sana kujitokeza. Bangoni yupo wazi, na meno yake. Wapo pia waliopunguza badala ya kuongeza. Mwaka 1959 msanifu Saul Bass aliitangaza filamu ya Anatomy of a Murder kwa umbo jeusi la maiti lililokatwa vipande, pasipo sura ya staa yeyote, na kwa maoni yangu hakuna aliyemzidi katika kusema mengi kwa machache.

SWALI: Yale maandishi membamba yaliyosongamana chini ya bango huandikwa kwa ajili ya nani? Hayasomeki! (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Huandikwa kwa ajili ya mawakili zaidi kuliko watazamaji. Mikataba ya Hollywood hueleza nani atajwe, kwa mpangilio gani, na mara nyingi herufi za jina lake ziwe asilimia ngapi ya ukubwa wa herufi za jina la filamu. Kwa kuwa kinachobanwa zaidi ni kimo cha herufi, msanifu hujiokoa kwa upana: huchagua herufi ndefu zilizominywa, na majina yote yakaingia bila kuila picha. Ndiyo maana pia jina lililo juu ya sura fulani mara nyingi si la mwenye sura hiyo, kwani majina yamefuata mkataba na sura zimefuata urembo.

SWALI: Mabango ya Ghana yaliyochorwa kwenye magunia huwa na majoka na damu ambavyo havimo katika filamu. Je, huo si udanganyifu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ni chumvi, na tumeona kwamba biashara hii haikuanza kutiwa chumvi Ghana. Katika miaka ya 1980 wenye video walizunguka mijini na vijijini na televisheni, deki na jenereta, wakihitaji bango linalokunjika na kustahimili safari. Magunia ya unga yalifumuliwa, yakashonwa pamoja na kupakwa rangi ya mafuta. Baadhi ya wachoraji hawakuwa wameiona filamu yenyewe, hivyo walitegemea jalada la kaseti au masimulizi, na palipopungua habari waliongeza joka. Video zilipoingia majumbani na mabango ya kuchapwa yakawa rahisi, kazi hiyo ilififia. Leo baadhi ya wachoraji hao hupokea oda kutoka kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambao huyataka mabango hayo hasa kwa sababu ya majoka yale.