Maswali yenu: Nguzo imefika mlangoni, sasa hela ya umeme itatoka wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini huku Singida. Nguzo za REA (wakala wa umeme vijijini) zimefika mpaka karibu na kwangu na tumeambiwa kuunganishwa ni 27,000, ila nyumba yangu ina vyumba viwili tu na haina waya hata mmoja. Jirani anasema umeme wenyewe uniti moja ni zaidi ya 350 nitashindwa. Na nina sola ya mkopo nalipa 500 kila siku, imebaki miezi minne. Niache ipi?

JIBU: Marahaba dada yangu, usiache kitu kwanza, nisikilize. Jirani yako hajadanganya ila amekutajia bei ya watu wengine. TANESCO wana mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, ambaye uniti kwake ni 292, ukiweka kodi na tozo inakuja kama 356, halafu kuna mteja mdogo wa nyumbani anaitwa D1, huyu uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 na ukiweka makato ni kama 122, sasa wewe ndio mteja huyo.

Tupige hesabu ya nyumba yako. Taa nne za LED za wati 5, ziwake masaa matano kila siku, kwa mwezi ni uniti 3. Simu na redio weka uniti 1. Ukija kununua tivii ndogo ya wati 40 ukaangalia masaa manne kila jioni, kama uniti 5. Jumla 9, yaani kama shilingi 1,100 kwa mwezi mzima, wakati kwenye sola unatoa 15,000. Lakini hizohizo uniti 9 ukiwekwa T1 kwa bahati mbaya ni 3,200, ndio maana nakuomba ukishaunganishwa uhakikishe umewekwa wapi. Nunua umeme wa buku moja, ukipata uniti 8 na kidogo uko D1, ukipata 2.8 uko T1, nenda ofisini kwao ukaulize (angalia tu isiwe ndio manunuzi yale ya mwezi yaliyokatwa kodi ya jengo, hapo hesabu itakuchanganya).

Kuhusu waya, uliza UMETA, ni kiboksi kina swichi, soketi na sehemu ya taa, kimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ndogo kama yako usilazimike kufanya wayaringi ya nyumba nzima. Na ile 27,000 ilipe kwa kontroo namba tu. Mtu akija na rula na karatasi anasema mpe yeye keshi atakuwekea haraka huyo ni kishoka, yaani tapeli, nimeona kina mama wameuza kuku na mbuzi wakampa kishoka na nguzo bado wanaiangalia kwa mbali, inaniuma sana hii.

Sola malizia. Miezi minne sio mingi, ukiacha sasa kampuni inaizima na wanaweza kuja kuichukua na hela yote uliyolipa imepotea, ukimaliza ni yako na siku umeme ukikatika watoto wanasoma.

SWALI: Fundi habari, mi ni mjumbe wa kamati ya zahanati kijijini kwetu, tulifungiwa sola na wafadhili miaka mitatu iliyopita, sasa betri mbili zimekufa, kila moja ni 450,000 na hakuna hela. Akina mama wanajifungua kwa tochi ya simu. Tuombe wafadhili tena?

JIBU: Ombeni kaka, sikatai, mama anayejifungua hawezi kusubiri kikao. Lakini betri mpya nazo zitakufa, hilo ndilo nataka kamati nzima ilisikie. Paneli inaweza kukaa miaka 20 na zaidi, betri ya maji ni miaka mitatu minne mitano kwa bahati, kwahiyo anayekupa sola bila mpango wa betri amekupa nusu ya kitu.

Laki tisa gawanya kwa miezi 36 ni 25,000 kwa mwezi. Hiyo tu. Mkiruhusu watu wachaji simu mchana jua likiwa kali, simu moja 300, mnahitaji simu 84 kwa mwezi, haifiki hata tatu kwa siku. Hela hiyo isikae kwenye droo ya mtu, ikae kwenye akaunti yenye saini tatu na kila mkutano wa kijiji isomwe imefika ngapi. Kule kwetu nilipozaliwa shule ilipata sola nzuri kabisa, hela ya kuchaji simu ilikusanywa kweli ila hakuna aliyejua iko wapi, siku betri ilipokufa waligombana na mpaka leo paneli ziko juu ya bati zimejaa vumbi.

Halafu mchunguze kilichoua betri. Mara nyingi ni kuzikamua mpaka mwisho. Betri ya asidi ya volti 12 Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2, kwenye karatasi, ila ukitaka idumu tumia nusu tu, 600. Friji ya kawaida au pasi ya mtumishi ikichomekwa usiku inamaliza yote hiyo. Fungueni vifuniko kila mwezi, maji yakipungua ongezeni maji safi ya betri, sio ya bomba wala ya kisima. Mkipata hela kidogo zaidi nunueni lithiamu, bei iko juu ila inakaa miaka mingi zaidi na haiongezwi maji.

Na kama kijiji kinafikiria mtambo mkubwa zaidi, tafuteni kwanza mteja wa mchana, mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea, yeyote. Angalieni Mwenga kule Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 unafanya kazi tangu 2012, una viwanda vya chai na gridi ya TANESCO vinavyonunua kwa wingi ndio waya ukaweza kwenda mpaka vijijini. Kaya zenye taa nne nne peke yake haziwezi kubeba mshahara wa fundi.

SWALI: Nikipika kwa umeme sitavuka hizo uniti 75?

JIBU: Inategemea unapikia nini. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka lisaa limekula uniti nzima, ukipikia maharage hapo umekwisha. Ila preshakuka ya umeme ikishapata joto inajizima na kuwaka yenyewe, maharage kilo moja hayamalizi uniti moja. Ukiitumia kila siku, hata tuseme inakula uniti moja kamili, ni 30 kwa mwezi, jumlisha zile 9 za taa na tivii ni 39, bado uko D1 na umetumia kama 4,800. Linganisha na mkaa unaonunua sasa hivi kwa kopo, uniandikie umepata ngapi.