Kabla ya kuongeza maji kwenye gari, tafuta yalikoenda

Kwa miezi mitatu nilikuwa naamka alfajiri, natoa bidoni ya lita tano, naongeza maji kwenye radiateri ya Corolla yangu, kisha naenda kwenye biashara. Mwanzoni ilikuwa kikombe kimoja. Mwezi wa tatu ikawa lita nzima. Majirani zangu kule Panzi, mtaa wa hapa Bukavu, walifanya vivyo hivyo, kwa hiyo niliona ni kawaida ya gari kunywa maji.

Gari zima halinywi maji. Maji ya injini yanazunguka humo humo: yanachukua joto kwenye injini, yanapoa kwenye radiateri, yanarudi. Yakipungua kila siku, kuna mahali yanapita. Mimi sikutafuta mahali hapo, na mlima wa Ngomo ukanifundisha kwa nguvu.

Nilikuwa narudi Bukavu kutoka Uvira na mikebuka mikavu, samaki wa Tanganyika, nyuma ya gari. Anayeijua njia hiyo anajua kinachokuja baada ya Kamanyola. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu kwenye mita 1,460, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaipanda pale mlimani, gia ya kwanza na ya pili, polepole, bila upepo wa kutosha kupuliza radiateri. Mshale wa joto ukapanda hadi karibu na alama nyekundu. Nikasema nijikaze nifike kona ya mbele. Ghafla mshale ukashuka wenyewe. Nikamshukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Haikupita muda injini ikaanza kugonga, mvuke ukajaa mbele yangu, gari likazima.

Shika hilo la mshale, kwa sababu ndilo lililoua injini yangu. Kipimo cha joto kinakaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa na mvuke, hakisomi tena joto la chuma. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima bila wewe kupunguza mwendo, simama hapo hapo na uzime injini. Na magari madogo kama Vitz mengi hayana mshale, yana taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Ile nyekundu ikiwaka umekwisha kuchelewa, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo inambidi kukagua maji zaidi kuliko sisi wengine.

Vijana walikuja mbio na bidoni ya maji ya kijito. Mmoja alikwisha kushika kifuniko cha radiateri wakati shofere wa lori lililosimama nyuma yangu alipopiga kelele: «Acha! Itakuunguza uso!» Akaniambia, «Mama, kaa chini ya mti, ngoja saa nzima.» Nilingoja. Maji ya moto yaliyobanwa yakifunguliwa yanaruka kama bomu, na maji baridi yakimwagwa kwenye chuma chenye moto yanaweza kukipasua. Ikipoa kiasi cha kushika kwa mkono, weka kitambaa kinene, zungusha kidogo tu, acha pumzi itoke, ndipo ufungue.

Garajini fundi alinionyesha vitu viwili. Kwanza kichwa cha injini kilichopinda, na ile karatasi ya chini yake, joint de culasse, imeungua. Kisha akaweka mkononi mwangu bushoni, yaani kile kifuniko cha radiateri. Mpira wake ulikuwa umepasuka, springi imelegea. «Mama, maji yako yalikuwa yanatokea hapa. Tangu zamani.» Gharama ya kusawazisha kichwa na kufunga upya ilimeza faida ya safari zangu nne za Uvira. Bushoni mpya ilikuwa pesa ya kununua mboga.

Watu wengi wa Bukavu hawajui kazi ya bushoni, wanadhani ni ya kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake kubwa ni kubana. Kwa urefu huu tunaokaa, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kwa hiyo bila bushoni nzima umebakiwa na nyuzi tano tu kabla maji hayajachemka, na mlima mmoja unazimaliza. Bushoni nzima yenye namba 0.9 ya nguvu ya kubana inasogeza kuchemka mpaka karibu nyuzi 115. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuvumilia bushoni iliyochoka kwa muda. Sisi wa milimani hatuwezi. Namba imeandikwa juu yake, nyingi ni 0.9 au 1.1. Nunua namba ile ile ya gari lako, na ukiona mpira umekauka, usibishane nayo.

Kama bushoni ni nzima na maji bado yanapungua, weka katoni safi chini ya gari usiku uone yanapodondokea. Asubuhi bonyeza duriti, yaani mipira ya kupitisha maji, injini ikiwa baridi: iliyolainika kama mkate au yenye mipasuko inabadilishwa. Tazama pampu ya maji, chini yake kuna kitundu, na alama ya maji hapo inakuambia mpira wa ndani umeisha. Ukiwa huoni tone popote, ogopa. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini: rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia kwenye mafuta. Ukiona mapovu yasiyokwisha kwenye radiateri, au moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa na moto, peleka gari kwa fundi siku hiyo hiyo.

Angalia pia gari linachemka wapi. Likichemka kwenye foleni pale Nyawera na kupoa ukianza kutembea, shuku feni. Likichemka mlimani tu, shuku radiateri iliyoziba. Yangu ilikuwa na matope na wadudu kati ya mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa. Ioshe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya maji ya nguvu inayalaza mapezi na hewa haipiti tena.

Kuna fundi mwingine aliyekuwa amening'olea termostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda radiateri, akisema nchi yetu haina baridi. Naomba mkatae. Termostati inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi ili injini ipate joto lake sawasawa. Bila hiyo injini inakaa baridi na kula mafuta, na kwenye baadhi ya injini sehemu ya maji ya moto inarudi ndani bila kupita radiateri, kwa hiyo mlimani unazidi kuchemka. Iliyokwama inabadilishwa, haiondolewi.

Maji ya ziwa msiweke. Ziwa Kivu lina chumvi na magadi, yakipata moto yanaacha ugaga mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ya distile, yaani yaliyotokana na mvuke, ndiyo bora, lakini dukani uliza vizuri, maana ukisema «maji ya betri» tu unaweza kupewa asidi. Ukikosa, chukua ya mvua, baada ya mvua za kwanza kuosha mabati, uyachuje. Maji matupu ni ya dharura tu: yachanganye nusu kwa nusu na likide ya radiateri, ile dawa ya rangi ya dukani. Baridi hatuna, ila likide inazuia kutu na kulinda pampu. Rangi isikudanganye, kuna chupa za maji yaliyotiwa rangi tu. Likide nyekundu ya Toyota hubadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka miwili.

Wakati wa kujaza, hewa lazima itoke. Hapa milima yetu inatusaidia: egesha pua ya gari ikitazama juu, funga breki ya mkono na kuweka mawe kwenye magurudumu, fungua hita kwenye moto kabisa, washa injini bushoni ikiwa wazi, bonyezabonyeza duriti ya juu, ongeza mpaka mapovu yaishe. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, tazama tena chupa ya akiba ya maji ya radiateri.

Likide ya zamani ina utamu na ni sumu. Usiimwage kwenye mtaro unaoshuka ziwani, wala usiiache kwenye beseni uani penye watoto na mbuzi. Mimi naifunga kwenye bidoni, naandika SUMU kwa rangi, naipeleka kwa fundi.