Kupachika Lua ndani ya C: mifano isome ukihesabu steki

Mifano ya kupachika Lua (lugha ndogo ya skripti) ndani ya programu ya C ni mifupi mno, na hapo ndipo wageni wengi wanapoponzwa. Unakuta luaL_newstate, luaL_openlibs, luaL_dofile, lua_close, skripti inachapa salamu, basi unaona mambo yameisha. Kuiwasha Lua ni rahisi. Kazi huanza pale C na Lua zinapopeana thamani, na thamani hizo karibu zote hupitia kwenye steki, yaani rundo ambalo kitu husukumwa juu (push) na kuondolewa juu (pop).

Tuseme skripti ina fanksheni iitwayo jumla, nawe unaiita kutoka C. L ni kielekezi (pointa) kilichorudishwa na luaL_newstate, na lua_pcall hapa inapewa hoja 2 na kutarajia jibu 1. Pembeni nimeandika idadi ya vitu vilivyomo kwenye steki:

lua_getglobal(L, "jumla"); /* 1 */
lua_pushinteger(L, 3); /* 2 */
lua_pushinteger(L, 4);  /* 3 */
if (lua_pcall(L, 2, 1, 0) != LUA_OK) {
  /* 1: ujumbe wa kosa */
  lua_pop(L, 1);
  return -1;
}
j = lua_tointeger(L, -1);  /* bado 1 */
lua_pop(L, 1); /* 0 */

Mstari wa mwisho ndio unaokosekana kwenye mifano mingi, kwa kuwa programu ya mfano huita mara moja ikafunga. Uweke msimbo huohuo ndani ya kitanzi uone: kila mzunguko unaacha kitu kimoja. Lua hukuhakikishia nafasi 20 tu za ziada, na kusukuma zaidi bila lua_checkstack (inayoomba nafasi zaidi) hakukaguliwi. Programu inaweza kuja kuanguka mahali pengine kabisa, ukabaki kumshuku asiyehusika. Dawa yake: hifadhi lua_gettop (idadi ya vitu kwenye steki) mwanzoni mwa fanksheni yako ya C, kisha uilinganishe mwishoni kwa assert.

Ukichukua maandishi kwa lua_tostring, yanakili kabla ya lua_pop. Kielekezi kile ni cha kuazima. Thamani ikishatoka kwenye steki, mkusanya taka (garbage collector, sehemu ya Lua inayofuta thamani zisizotumika) ana ruhusa ya kuifuta. Kwenye majaribio mafupi huenda asipite kabisa, ndiyo maana kosa hili huvuka majaribio yote salama.

Ukiona lua_call badala ya lua_pcall kwenye msimbo wa programu mwenyeji, badilisha. lua_pcall hudaka makosa, lua_call haidaki, na kosa lisilodakwa huishia kwenye abort, yaani programu nzima inakufa. Na ukiandika fanksheni ya C itakayoitwa na Lua, kagua hoja kwa luaL_checkinteger kwanza, malloc baadaye. Makosa ya Lua iliyokompailiwa kama C huruka kwa longjmp moja kwa moja nje ya fanksheni yako, kwa hiyo free yako ya mwishoni haifikiwi.

Angalia pia toleo. luaL_register, ya kusajili fanksheni za C kwa Lua, ni ya 5.1 (2006), tangu 5.2 (2011) tunatumia luaL_setfuncs. Mfano ukikataa kukompailika, anzia hapo kabla ya kujilaumu.

Kuhusu luaL_openlibs: inafungua hata io na os (maktaba za mafaili na mfumo wa uendeshaji), yaani skripti inaweza kufuta mafaili. Kama skripti zinaandikwa na watumiaji usiowajua, fungua maktaba mojamoja kwa luaL_requiref. Hata ile ya msingi ina dofile na loadfile, zinazosoma mafaili. Zipe nil kabla skripti ya kwanza haijapakiwa.